Mama Tiki na Kisanduku Cheupe

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Tiki anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta yake kwa kitambaa cha kijani, anakitupia chini ya meza, kisha anaugeuza ukurasa wote ulio mbele yake kuwa mwekundu.

Si wekundu wa kuvutia. Ni wekundu wa kuudhi, ule unaomfanya mtu afumbe jicho moja. Juu yake anaiburuta nembo ya duka la dawa, aliyotumiwa dakika chache zilizopita na mmoja wa wasanifu wa ofisi. Nembo inatua, na hapo hapo vijidoa vyeupe vinajitokeza kuzunguka ukingo wake.

“Umeviona hivyo?” anamuuliza mwandishi. “Kwenye ukurasa mweupe usingeviona hata ungekodoa macho mpaka kesho. Sasa hii inakwenda kwenye kofia nyeusi. Mteja akiivaa, watu watasema ana mba.”

Analirudisha faili kwa msanifu na ujumbe wa maneno mawili: “Halijaoga bado.” Kutoka upande wa dirishani mtu anaguna, mwingine anacheka. Mama Tiki hacheki. Ameshafungua faili la pili.

Kazi yake haina jina linaloeleweka. Kwenye kitambulisho chake wameandika “Msaidizi wa Uzalishaji”, na ukimuuliza maana yake atakwambia nenda kamuulize aliyeandika. Anachofanya ni hiki: duka hili linachapa mabango, vikombe, kofia, fulana, stika na kadi. Wasanifu watatu wanachora. Mashine nne zinatengeneza. Katikati ya wachoraji na mashine yupo yeye, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anahakikisha kila mchoro unatoka kwenye kompyuta ukiwa katika aina ya faili ambayo mashine inayousubiri itaielewa.

“Kila mashine ina chakula chake,” anasema. “Ile ya kukata stika haitaki picha, inataka mistari. Ukiipa picha inakaa tu inakutazama. Bango kubwa la barabarani ukilipa picha ndogo ya kwenye simu, linatoka matofali matupu. Watu wanadhani picha ni picha. Thubutu!”

Mwandishi, ambaye miaka yote amekuwa akituma picha bila kujua zinaitwaje, aliona aibu kidogo akaomba aelezwe polepole.

“Haya, sikiliza. JPEG ni ya picha za watu. Sura, sherehe, nyumba. Ni nyepesi, inasafiri haraka, haina shida. Ila haijui kuacha kitu wazi. Ukiiachia sehemu tupu, yenyewe inapaka nyeupe. Halafu kila ukiifungua ukaibadilisha na kuisevu tena, inapunguza kidogo, inapunguza kidogo, mwisho picha inachakaa. PNG ni nzito, lakini ukiiambia hapa hapana kitu, inakubali. Inapaacha. Sasa nembo ya kubandika kwenye fulana ya rangi inataka PNG. Ni hilo tu. Lakini hilo tu limeshawatoa watu machozi hapa ndani.”

Aliposema machozi alitupa jicho dirishani, akalirudisha haraka.

Kila faili analipima kwa wekundu wake, kisha analiandika kwenye daftari lenye jalada gumu: jina la mteja, aina ya faili, mashine linakokwenda. Mwisho wa mstari anatia tiki ya kalamu ya bluu, ndefu, yenye mkia. Bila tiki hiyo hakuna fundi anayewasha mashine. Kwa siku anatia tiki kati ya sitini na themanini. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na jina lake halisi wengi humu walishalisahau.

Ukweli usemwe, mwandishi hakuja kwa ajili yake. Alikuja kumwandika msanifu wa dirishani, binti wa miaka ishirini na saba ambaye mwezi uliopita alipata tuzo ya chama cha wasanifu kwa nembo ya shule moja ya sekondari. Binti huyo alimkaribisha vizuri, akatabasamu, kisha akasema, “Mimi nimeshaandikwa sana. Kamwandike wifi yangu, yule pale karibu na mlango wa choo.”

Ndiyo, ni wifi yake. Mama Tiki ameolewa na kaka yake.

“Amesema hivyo?” Mama Tiki aliuliza alipoambiwa. “Karibu na mlango wa choo? Amekitaja na choo?”

Kilitajwa ndiyo, na choo kweli kipo. Mlango wake ukifunguliwa unagusa kiti cha Mama Tiki, kwa hiyo kila mtu anayekwenda haja humwambia samahani mara mbili. Kutoka hapo hadi meza ya dirishani ni hatua nane. Amezihesabu.

Anaijua meza ile kuliko mwenyewe anavyoijua. Kiti kina pa kuegemeza kichwa. Kuna mmea kwenye kopo, na mmea wenyewe wala haumwagiliwi vizuri. Kuna feni ya kusimama ambayo zamani ilikuwa inageuka huku na huku, siku moja ikakwama, na ikakwama ikiwa imemwelekea wifi. Ukutani kuna picha ya wifi kwenye fremu akiwa ameshika kikombe cha tuzo ya miaka ya nyuma.

“Feni ikwame, ikwame kwake,” anasema Mama Tiki. “Hata feni!”

Mwandishi alimuuliza kama huo si wivu. Alidhani atakana, kama watu wote wanavyokana.

“Ni wivu,” alisema. “Usihangaike kutafuta neno jingine la kiungwana. Wivu mtupu. Ninalala nao ninaamka nao.”

Na una chanzo. Mama Tiki ndiye aliyemfundisha wifi yake kazi. Miaka minane iliyopita binti alikuwa amemaliza shule, anashinda nyumbani akibadilisha mitindo ya nywele. Mama mkwe akasema, mke wa mwanangu, mchukue mwenzako ukamfundishe. Akamchukua. Akamkalisha kwenye stuli pembeni yake, kwenye kompyuta hii hii.

“Kipanya alikuwa anakishika kama kitamuuma. Nilimshika mkono, nikamwambia bonyeza, achia, buruta. Ndani ya miezi minane akawa anachora vitu ambavyo mimi sijawahi kuviota. Mkono ule haufundishwi. Nilipouona nilifurahi kwa siku mbili tatu. Baadaye roho ikaanza kuniuma.”

Kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kuchora. Hilo hawalijui wengi. Mwaka ule ule mwenye duka alimpa nafasi ajaribu nembo ya duka la mikate. Alihangaika nayo wiki nzima. Mwenye duka aliitazama akasema, “Iko safi.”

“Safi!” Mama Tiki anarudia, na mpaka leo sauti inampanda. “Nembo unaiambia iko safi, kama sahani? Wifi yangu akakaa dakika ishirini, akachora mkate unaotoa moshi, na ule moshi ndio jina la duka. Mteja alipiga makofi. Mimi nikarudi hapa nikaisevu kazi yake kwa mashine nne. Nikaipima, nikaitia tiki. Ilikuwa nzuri, unafikiri nisingesema kama ingekuwa mbaya?”

Leo mshahara wa Mama Tiki ukiurudufu mara mbili bado hauufikii wa wifi. Lakini anasema si mshahara unaomkosesha raha, ni sebule ya mama mkwe. Vyeti vya binti vimetundikwa pale juu ya televisheni. Wageni wakija mama mkwe huwatambulisha wote wawili. “Huyu ndiye mchoraji wetu. Na huyu mke wa kaka yake, wapo wote ofisini, yeye naye anasaidia-saidia.”

“Anasaidia-saidia!” anasema Mama Tiki. “Mara moja haikutosha, akairudia.”

Mumewe, fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache, aliongea na mwandishi kwa simu. “Mimi unataka niseme nini? Huku mke, huku mdogo wangu. Nikimsifu huyu, yule ananuna. Nimeamua nyumbani kwangu nasifu chakula tu.”

Sasa turudi kwenye kitambaa cha kijani.

Mwandishi alikiona kwa Mama Tiki asubuhi. Baadaye akakiona kwa fundi wa mashine ya joto inayobandika nembo kwenye fulana, anayeitwa Fundi Joto, akifutia mafuta mikononi. Kingine kilikuwa mlangoni, cha kufutia viatu. Kingine kilifungwa kwenye bomba linalovuja. Duka zima lilikuwa na vitambaa vya kijani. Alipookota kimoja akakikunjua, kumbe ni fulana. Kifuani palikuwa na nembo nzuri ajabu, ndege mdogo akichomoka kwenye daftari lililofunguliwa, na kuizunguka nembo hiyo palikuwa na kisanduku cheupe pe, chenye kona nne kali.

“Hizi ni nini?” mwandishi aliuliza kwa sauti ambayo labda ilikuwa kubwa mno.

Fundi Joto akaanza kukoroga kikombe kisicho na sukari. Msanifu wa pili akakumbuka simu ya kupiga. Mama Tiki akasema, “Ni fulana za shule. Ziliharibika.” Halafu akainamia daftari lake.

Habari yenyewe kila mmoja humu anaijua, au alidhani anaijua. Siku hamsini na nne zilizopita duka lilichapa fulana mia tatu na arobaini za kijani kibichi kwa ajili ya shule ya sekondari iliyoagiza nembo mpya, ile ile iliyokuja kupata tuzo. Msanifu alilitoa faili mwenyewe kwa JPEG. JPEG ikapaka nyeupe mahali pote palipokuwa patupu. Kwenye kioo cheupe hakuna aliyeona kitu. Kwenye fulana ya kijani kila mtu aliona. Mwalimu mkuu alikuja kuzipokea, akainua moja mbele ya watu wote, akauliza, “Samahani, nembo yetu imeumia? Mbona mmeibandika plasta?”

Alikataa fulana zote. Mwenye duka aliigeuza picha ya binti ikatazama ukuta. Ilirudi kutazama watu tuzo ilipopatikana, na shule ikakubali fulana zirudiwe, lakini mwenye duka alitoa neno mbele ya wote: zikiharibika tena, nembo iwe na tuzo isiwe na tuzo, msanifu wa dirishani anaondoka.

Mwandishi aliomba daftari. Mama Tiki alisita, akampa. Ukurasa wa siku ile haukuwa mgumu kuupata, kwa sababu pembeni umechakaa kwa kufunguliwa-funguliwa. Mstari wa tatu: jina la shule, JPEG, mashine ya joto. Na mwisho wake tiki ya bluu, ndefu, yenye mkia.

“Kwa hiyo siku ile hukupima?” mwandishi aliuliza.

Mama Tiki aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, maana kitambaa cha kijani hakutaka kukigusa tena.

“Nilipima,” alisema.

Alieleza akiwa ameinama, kwa sauti ya chini. Nembo ile aliiona mara ya kwanza ikiwa bado inachorwa, alipopita kwenda kuchukua karatasi. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba alirudi mezani kwake akakaa saa nzima akiitafutia kosa. Hakulipata. Asubuhi iliyofuata, kwenye kikao cha chai, mwenye duka aliuliza kazi ya shule itaingia lini mashineni. Wifi akasema, “Leo leo. Wala sitamsumbua wifi, faili nitalitoa mwenyewe. Kwani si kubonyeza kitufe tu?”

“Watu wakacheka,” anasema Mama Tiki. “Fundi Joto alicheka. Na mimi nikacheka, ili wasione. Miaka kumi na mmoja, mwandishi. Kubonyeza kitufe tu.”

Saa nne faili likamfikia, kwa sababu hata la wifi lazima lipite kwenye daftari. Akaliona mwishoni limeandikwa JPEG. Akaufanya ukurasa mwekundu. Kisanduku kikamtokea, cheupe pe, katikati ya wekundu.

“Nilikitazama. Sikukitazama haraka, usije ukasema nilipitiwa. Nikajisemea, si kubonyeza kitufe tu? Ngoja nibonyeze. Nikatia tiki. Kwa mkono huu.”

Fundi Joto naye alikiona kisanduku kilipoanza kutoka mashineni. Mwandishi alimuuliza baadaye kwa nini hakusimamisha. “Nilidhani ndivyo walivyotaka, kama kibandiko,” alisema. “Tiki ilikuwepo. Tiki ya Mama Tiki ikiwepo mimi siulizi. Hata ingekuwa nembo imepinduka miguu juu ningechapa.”

Siku ya mwalimu mkuu, Mama Tiki alikuwa amekaa hapa hapa, mlango wa choo ukimgonga kiti. Alimwona wifi yake akiwa wima na mdomo wazi. Aliiona picha ikigeuzwa ukutani.

“Nilifurahi. Liandike hivyo hivyo. Nilifurahi mpaka saa saba mchana.”

Saa saba Fundi Joto alikuja na daftari mbele ya mwenye duka, akauliza kwa upole, “Mama Tiki, si ni tiki yako hii?” Kabla hajafungua mdomo, wifi alijibu kutoka dirishani. “Nilimharakisha mimi. Nilimwambia atie tiki, faili hakulifungua hata kidogo. Kosa ni langu peke yangu.”

Ulikuwa uongo. Hakumharakisha wala hakumwambia neno. Alijibebesha mzigo wote, akarudi kukaa, akaanza kuandika barua ya kuomba radhi kwa shule.

“Hapo ndipo aliponimaliza,” Mama Tiki anasema, na machozi yamemlenga. “Angenitukana ningepona. Angenisemea kwa kaka yake ningejitetea. Yeye akanitetea! Anadhani niliamini mkono wake nikatia tiki kwa mapenzi. Unaelewa? Kuchora kanishinda, mshahara kanishinda, sebuleni kanishinda. Hata kwenye roho nzuri naye ananishinda! Kwani mimi nimeachiwa nini?”

Tangu siku hiyo hajamwambia mtu. Wakiwa nyumbani wanaosha vyombo pamoja na kuzungumzia bei ya sabuni. Ofisini anampelekea mafaili kwa kompyuta, japo ni hatua nane. “Akijua, hataniita wifi tena,” alisema. “Atanitaja jina, kama mtu wa benki.”

Mwandishi aliifunga kalamu yake. Alimwambia hataandika neno kabla wifi hajalisikia kutoka kwake, si gazetini. Mama Tiki akakubali kwa kichwa, akasema labda Jumapili, labda mwisho wa mwezi, labda fulana zikishatoka salama.

Saa tano na robo kompyuta ikalia. Faili jipya, kutoka dirishani. Ndege na daftari lake, fulana mia tatu na arobaini, mara ya pili.

Mama Tiki alikaa sawa. Safari hii mwishoni paliandikwa PNG. Alilifungua juu ya ukurasa mweupe, na ndege alikuwa safi, hana doa. Fundi Joto alikuwa ameshawasha mashine na alikuwa anapiga mluzi. Kalamu ya bluu ilikuwa mkononi. Mwandishi, asiyejua kitu, aliona kazi imekwisha.

“Subiri,” alisema Mama Tiki, akaleta wekundu.

Chini ya ndege, mahali palipokuwa patupu, yakatokea maneno. Yaliandikwa kwa herufi nyeupe, kwa hiyo juu ya nyeupe yasingeonekana na mtu yeyote duniani. Juu ya wekundu yalisomeka yote:

“Wifi, najua ulikiona kisanduku. Wewe huwa unapima. Mimi nililitoa faili mwenyewe kwa sababu mafundi wote wanakusikiliza wewe, hakuna anayenisikiliza mimi, na roho iliniuma. Umechoka kununa? Mimi nimechoka.”

Mama Tiki aliyasoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili midomo ilitembea. Kisha akaweka kiganja mdomoni, na mwandishi ndipo alipoelewa alichokuwa anakitazama. Kama angetia tiki bila kupima, maneno yale yangechapwa meupe kwenye vifua mia tatu na arobaini, na kabla ya jioni binti wa dirishani asingekuwa na kazi.

Alisimama. Kiti kiligonga mlango wa choo, na aliyekuwa ndani akasema samahani. Akazitembea hatua nane, na mwandishi, ambaye hakualikwa, akamfuata.

“Wewe una wazimu?” Mama Tiki alisema. “Unaichezea kazi yako namna hii?”

“Sijaichezea,” wifi alijibu bila kugeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na ilionekana alikuwa anahesabu dakika.

“Na kama nisingepima?”

“Wifi, hata siku ile ulipima.” Sasa aligeuka. “Ulikuwa umenikasirikia hata salamu huitikii, na bado ulipima. Ningekuwa mimi ningetia tiki tu nikaenda kunywa chai.”

Mama Tiki alitaka kusema kitu kikali, ilionekana usoni, lakini kilichotoka ni kilio. Wifi alisimama akamshika. Fundi Joto aliacha mluzi. Walisimama hivyo mbele ya feni, na kwa mara ya kwanza tangu ikwame, upepo wake uliwapata wawili.

“Mimi ndiye ninayepaswa kuomba msamaha,” Mama Tiki alisema alipoweza. “Unaniwahi na hili pia?”

“Basi omba,” wifi alisema. “Nani kakuzuia?”

Akaomba. Kisha, kabla hajapoa, akaenda kwa mwenye duka akamwambia yote, na wifi nyuma yake. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho, akauliza vitambaa vya kufutia vimebaki vingapi, kisha akamkata Mama Tiki siku zake zote za likizo za mwaka huu. Pia ameagiza kwamba kuanzia sasa kila mstari wa daftari utiwe tiki mbili, ya msanifu na ya Mama Tiki. Wote wawili wamekubali simulizi hii ichapwe, na wifi ameomba sentensi ya kubadilisha mitindo ya nywele iondolewe. Haikuondolewa.

Saa nane mchana Mama Tiki alirudi kwenye faili la shule. Kwanza alihifadhi nakala moja yenye maneno yote, kwenye folda yake mwenyewe, kwa PNG, “kwa sababu hii sitaki ipungue hata kidogo.” Kisha akayafuta maneno, akapima tena kwa wekundu, akatia tiki. Wifi alikuja akatia ya kwake pembeni, ndogo, haina mkia.

Fulana zinapelekwa shuleni Ijumaa, na Mama Tiki amepanga kwenda nazo. Amenunua viatu. Jumapili wanakwenda wote wawili kwa mama mkwe, na wifi ameahidi kwamba safari hii yeye ndiye atakayewatambulisha watu sebuleni. Mwakani Mama Tiki anataka kuanzisha darasa la Jumamosi kwa wasanifu wachanga, la muda wa saa mbili tu, la kufundisha faili gani liende wapi. Ameshapata wanafunzi wanne. Wa kwanza kujiandikisha amekaa dirishani.

Kabla mwandishi hajaondoka, Mama Tiki alilifungua daftari kwenye ule ukurasa uliochakaa. Akachukua kalamu nyekundu, akaikata tiki ya mstari wa tatu kwa mistari miwili, akaandika tarehe ya leo na kutia saini ya jina lake halisi. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kukata tiki.

“Andika na hilo,” alisema. Kisha akatazama dirishani, kule mmea unakomwagiliwa ovyo. “Na uandike kwamba feni bado naitaka.”